Msaidizi wa Akili Mnemba Anaposhindwa Kuendesha Kivinjari: Dalili na Vyanzo Vyake

Mtu anapomuunganisha msaidizi wa akili mnemba na kivinjari kwa mara ya kwanza, kisha kazi ikakwama, lawama humwangukia msaidizi mwenyewe: hajaelewa, amechanganyikiwa, hana akili tuliyoambiwa anayo. Kwa uzoefu wangu lawama hiyo mara nyingi humpata asiyehusika. Kati ya sentensi unayomwandikia na kitufe kinachobofywa kuna mikono minne inayopokezana kazi, yaani programu unayozungumzia na msaidizi, seva ndogo inayopokea maagizo yake, maktaba inayokiendesha kivinjari, na kivinjari chenyewe pamoja na tovuti iliyofunguliwa ndani yake. Mkono wowote ukilegea, wewe uliyekaa mbele ya skrini utaona jambo moja tu, kwamba kazi haikufanyika. Kutatua tatizo kunaanza kwa kujua ni mkono upi uliolegea.

Mifano ya mwongozo huu nimeichukua kutoka Playwright, maktaba ya Microsoft iliyoanza kupatikana mwaka 2020, ikitumiwa kupitia seva yake ya MCP iliyotolewa mwaka 2025. MCP ni utaratibu uliotangazwa na Anthropic mwezi Novemba 2024 ili wasaidizi wa akili mnemba waweze kutumia zana zilizo nje yao. Anayetumia Puppeteer au Selenium, ambazo nazo ni zana za kuendesha kivinjari, atakutana na majina mengine, ila magonjwa ni yale yale.

Kipimo cha kuanzia

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, tengeneza faili fupi la HTML liitwalo `index.html`, lenye kichwa cha maneno uliyoyabuni mwenyewe, kwa mfano “Kikapu cha maembe 417”, kisha ukiwa ndani ya folda yake andika kwenye teminali `python3 -m http.server 8000`, na umwagize msaidizi afungue `http://localhost:8000` na akunakilie kichwa hicho neno kwa neno. Wengi hupenda kujaribu kwa kutumia example.com, nami nilifanya hivyo kwa muda mrefu, mpaka nilipogundua kwamba ukurasa ule ni maarufu kiasi cha kukaririwa: msaidizi anaweza kukutajia kichwa chake bila kufungua kitu chochote, nawe ukaamini kwamba kila kitu ni kizima. Maembe yako 417 hakuna anayeyajua.

Akijibu kwamba hana uwezo wa kufungua kurasa, tatizo liko kwenye programu au seva. Akijaribu na kurudi na ujumbe wa kosa kabla dirisha halijaonekana, tatizo liko kwenye kivinjari. Akikusomea maembe yako sawasawa lakini akashindwa kwenye tovuti uliyoikusudia, basi mitambo yote ni mizima na unapaswa kuchunguza jinsi anavyouona ukurasa wa tovuti hiyo.

Msaidizi anasema hawezi kufungua kurasa

Jibu hili, ambalo kwa kawaida hutolewa kwa adabu na maelezo marefu, lina maana kwamba zana hazijamfikia. Fungua orodha ya zana ndani ya programu yako. Usipoona majina kama `browser_navigate` na `browser_snapshot`, seva haijawaka, na hakuna namna ya kumbembeleza msaidizi itakayosaidia.

Chanzo cha kwanza ni faili la mpangilio. Umbo lake sahihi ni hili:

```
{
  "mcpServers": {
    "playwright": {
      "command": "npx",
      "args": ["@playwright/mcp@latest"]
    }
  }
}
```

Koma moja iliyozidi mwishoni, au mabano yasiyofungwa, hulifanya faili zima lisisomeke, na baadhi ya programu hulipuuza kimya kimya bila kukuambia. Kosa ambalo nimeliona mara nyingi kuliko hilo ni la alama za kunukuu. Mpangilio unapotumwa na rafiki kwenye WhatsApp, kibodi ya simu huzipinda alama hizo ziwe za mtindo wa vitabu, na JSON, yaani umbo la maandishi la faili hili, haizitambui kabisa, ingawa kwa macho hutaona tofauti usipokaza. Zifute zote na uziandike upya kwa kibodi ya kompyuta. Ukishalisahihisha faili, izime programu kabisa na kuiwasha upya, kwa kuwa kufunga dirisha peke yake huiacha ikiendelea kufanya kazi chini kwa chini na mpangilio wa zamani.

Chanzo cha pili hujitambulisha katika faili la kumbukumbu za programu kwa maneno `spawn npx ENOENT`. Maana yake ni kwamba programu imeitafuta amri ya `npx`, ile inayopakua na kuiendesha seva, na haikuipata, hata kama wewe ukiiandika kwenye teminali inaitika. Hali hii huwapata zaidi waliosakinisha Node.js (mazingira ya kuendeshea JavaScript, yanayokuja na `npx`) kwa kutumia nvm, zana ya kusimamia matoleo yake, ambayo huongeza njia zake kwenye teminali tu, wakati programu iliyofunguliwa kwa kubofya aikoni haizirithi njia hizo. Andika `which npx` kwenye teminali, uchukue njia kamili unayopewa na kuiweka mahali pa `npx` katika faili la mpangilio. Mara nyingine hata hilo halitoshi, kwa sababu `npx` ikishapatikana nayo huanza kuitafuta `node`, ikakwama palepale. Hapo ongeza sehemu ya `env` yenye `PATH` inayoelekeza kwenye folda hiyo hiyo. Kwenye Windows baadhi ya programu hushindwa kuita `npx` moja kwa moja, na dawa yake ni kuweka `cmd` kama amri, kisha `/c` na `npx` zikafuata kwenye `args`. Wakati uko hapo, hakikisha kwa `node --version` kwamba una toleo la 18 au jipya zaidi.

Chanzo cha tatu kinahusu mtandao. Mara ya kwanza `npx` hulazimika kupakua kifurushi kizima, na mtandao ukiwa wa kusuasua programu huchoka kusubiri na kutangaza kwamba seva imeshindwa kuwaka. Endesha `npx @playwright/mcp@latest` kwenye teminali mwenyewe mara moja ili upakuaji ukamilike. Ikimaliza itabaki kimya bila kuonyesha chochote, jambo linalowatia watu wasiwasi, lakini ukimya huo ni dalili njema: inasubiri maagizo. Bonyeza Ctrl pamoja na C uiondoe. Kumbuka pia kwamba neno `@latest` huifanya npx iulizie toleo jipya kila inapowashwa, kwa hiyo siku ambayo bando limekwisha seva inaweza kukataa kuwaka ingawa jana ilikuwa nzima. Mimi huandika namba kamili ya toleo ninaloliamini badala ya neno hilo.

Walioandika seva yao wenyewe wana chanzo cha nne. Utaratibu wa MCP unapopitia mkondo wa kawaida wa kutolea matini hauruhusu kitu kingine chochote kipite humo isipokuwa ujumbe wenyewe, kwa hiyo `print` moja iliyosahaulika, iliyokusudiwa kukuambia tu kwamba “seva imeanza”, inatosha kuvunja mazungumzo yote. Maelezo ya namna hiyo yaelekezwe kwenye mkondo wa makosa.

Zana zipo, lakini kivinjari hakifunguki

Hapa kuna ahueni, kwa sababu ujumbe wa kosa karibu kila mara hutaja ugonjwa kwa jina. Ukisema `Executable doesn't exist`, au kwamba Chrome haikupatikana katika njia kama `/opt/google/chrome/chrome`, kivinjari chenyewe hakipo mahali kinapotafutwa. Seva hii huanza kwa kutafuta Chrome ya kawaida; kama kompyuta yako haina, isakinishe, au tumia `npx playwright install chromium` kisha uongeze `--browser` na `chromium` kwenye `args`. Upakuaji huo unazidi megabaiti 100, hivyo ni vyema usiuanze kwa bando la saa moja. Kwenye Linux, kivinjari kinaweza kuwapo lakini kikakosa maktaba za mfumo, na hizo huletwa na `npx playwright install-deps`.

Ukiona malalamiko kuhusu `DISPLAY`, unaendesha kivinjari kwenye seva isiyo na skrini huku mpangilio ukikitaka kionekane. Ongeza `--headless` ili kiendeshwe bila dirisha. Ukiona `No usable sandbox`, hasa kwenye Ubuntu 24.04, ni ulinzi wa AppArmor unaoizuia Chromium kujijengea uzio wake wa usalama. Mitandaoni utashauriwa uweke `--no-sandbox` upesi upesi uendelee na maisha. Ushauri huo unakubalika ndani ya kontena, yaani mazingira yaliyotengwa na kompyuta yako, unalolitupa baada ya kazi. Kwenye kompyuta yako ya kila siku, ambamo msaidizi atafungua kurasa za watu usiowajua, huko ni kulala mlango wazi.

Ndani ya Docker, programu ya kuendeshea kontena, kuna dalili inayopotosha: kivinjari kinafunguka, kurasa ndogo zinasomeka, lakini ukurasa mzito unakizimisha ghafla. Docker hulitengea kila kontena megabaiti 64 tu za kumbukumbu ya pamoja katika `/dev/shm`, na Chromium huzimaliza mapema. Liendeshe kontena kwa `--ipc=host` au kwa `--shm-size=1g`. Usipoteze siku nzima ukijaribu picha ya kontena ya Alpine, toleo dogo la Linux, kwa kuwa vivinjari vya Playwright havikutengenezwa kwa ajili ya maktaba ya C inayotumiwa na Alpine.

Kisha kuna ujumbe kwamba kivinjari tayari kinatumika. Seva huhifadhi profaili, yaani folda yenye kumbukumbu za kivinjari, ili usilazimike kuingia upya kwenye tovuti kila siku, na profaili moja haikai na mabwana wawili. Ama umeacha dirisha la jana wazi, ama una programu mbili zinazoiita seva hiyo hiyo. Funga moja, au ipe mojawapo `--isolated` iwe na profaili ya muda inayofutika mwisho wa kazi.

Wale wanaopenda kumwachia msaidizi Chrome yao wenyewe kupitia poti 9222, mlango wa kukiongoza kivinjari kutoka nje, walishtuka mwaka 2025 mipangilio yao ilipoacha kufanya kazi bila wao kugusa kitu. Kuanzia Chrome 136, kigezo cha `--remote-debugging-port` hakisikilizwi tena kinapoelekezwa kwenye profaili ya kawaida, kwa sababu wezi wa vidakuzi walikuwa wakipita mlango huo huo. Ongeza `--user-data-dir` inayoelekeza kwenye folda nyingine, na ukubali kwamba profaili hiyo itaanza ikiwa tupu.

Anafungua ukurasa, lakini anabofya pasipostahili au hakioni kilichopo

Sehemu hii ndiyo yenye kesi nyingi zaidi, na ndiyo inayohitaji kuelewa jambo ambalo watu wengi hulikosa. Msaidizi hauoni ukurasa kama unavyouona wewe. Anachopewa, kwa mpangilio wa kawaida, ni taarifa ya maandishi iliyojengwa kutoka kwenye mti wa ufikivu, ule ule unaotumiwa na programu zinazowasomea skrini watu wasioona. Kipande cha taarifa hiyo huonekana hivi:

```
- textbox "Namba ya simu" [ref=e14]
- button "Endelea" [ref=e17]
- button [ref=e18]
```

Tazama mstari wa tatu. Hicho ni kitufe kilichochorwa aikoni ya kikapu bila kupewa jina, na kwa msaidizi hakina tofauti na kitufe kingine chochote kisicho na jina. Wewe unaona kikapu. Yeye anaambiwa “kitufe”. Kwa hiyo anapobofya visivyo, swali la kwanza la kujiuliza ni je, mtu asiyeona anayesomewa ukurasa huu angejua abofye wapi? Mwagize msaidizi akuonyeshe taarifa aliyoipata badala ya kumwagiza ajaribu tena. Nimewahi kutumia nusu saa nikiboresha maneno ya agizo langu, nikaongeza hata onyo na herufi kubwa, kumbe kitufe nilichokuwa nikikililia hakikuwamo katika taarifa tangu mwanzo.

Kama tovuti ni yako, dawa ni kukipa kitufe jina kwa `aria-label`, na wasomaji wako wasioona watanufaika pia. Kama si yako, mweleze msaidizi kwa mahali: kitufe kisicho na jina kinachofuata baada ya “Endelea”. Njia ya mwisho ni kuongeza `--caps=vision`, ambayo humruhusu kubofya kwa vipimo vya nukta kwenye picha ya skrini. Hiyo ndiyo njia pekee kwa vitu vilivyochorwa ndani ya turubai, kama baadhi ya ramani na michoro ya viti, lakini hukosea zaidi na humeza tokeni nyingi (vipande vya maandishi ambavyo kazi ya msaidizi hupimwa navyo), hivyo usiifanye kuwa chaguo la kwanza.

Zile alama za `ref` nazo zina tabia yake. Kila moja ni ya taarifa iliyotolewa wakati huo, na ukurasa ukibadilika, hata kwa orodha kujipanga upya, `e17` inaweza kuwa haipo tena. Dalili yake ni ujumbe kwamba alama haikupatikana, au msaidizi kubofya mara tatu mfululizo bila matokeo. Msaidizi mzuri huchukua taarifa mpya mwenyewe. Asipofanya hivyo, mwandikie wazi kwamba kila baada ya kubofya achukue taarifa upya kabla ya hatua inayofuata.

Sababu nyingine ni haraka. Tovuti nyingi za siku hizi huleta fremu tupu kwanza, kisha yaliyomo yakafuata, na kwenye mtandao wetu wa jioni pengo hilo linaweza kuwa la sekunde kadhaa. Taarifa ikichukuliwa katikati ya pengo, msaidizi ataapa kwamba ukurasa hauna matokeo. Usimwambie “subiri sekunde tano”, kwa kuwa kesho zitahitajika tisa. Mwambie asubiri mpaka maneno fulani yaonekane, kwa mfano “Chagua kiti”, na zana ya `browser_wait_for` inajua kufanya hivyo. Tendo moja, kama kubofya, hupewa milisekunde 5000 na kufungua ukurasa hupewa 60000. Unaweza kuongeza kwa `--timeout-action` na `--timeout-navigation` kama mtandao wako ni wa taratibu kiasi hicho.

Ikiwa kubofya kunashindwa na ujumbe unataja kwamba kitu kingine kinaziba, tafuta bango la vidakuzi au tangazo lililojitanda juu ya kitufe. Ikiwa ukurasa mzima umeganda, huenda kisanduku cha “Una hakika?” kimejitokeza, nacho huzuia kila kitu mpaka kijibiwe kwa `browser_handle_dialog`. Lakini ombi la Chrome la kuruhusu mahali ulipo, au dirisha la kuchapisha, haviko ndani ya ukurasa. Ni vya kivinjari chenyewe na havionekani katika taarifa hata ukiichukua mara mia.

Anajaza fomu, lakini majibu si uliyokusudia

Hapa msaidizi ameona kila kitu na kubofya panapostahili, na bado kazi imeharibika. Makosa ya kundi hili ni hatari zaidi kwa sababu hayatoi ujumbe wowote.

Nilimwagiza msaidizi atafute basi la kutoka Dar es Salaam kwenda Arusha, linaloondoka saa kumi na mbili asubuhi. Alifungua tovuti ya kukatia tiketi, akachagua tarehe sawasawa, akaniletea kwa fahari basi la saa 12:00. Niliiona namba hiyo, kichwani nikaisoma kwa Kiswahili, nikaridhika. Nilishtuka nilipofika kwenye ukurasa wa malipo na kuona neno “mchana”. Tunahesabu saa kuanzia macheo, tovuti huhesabu kuanzia usiku wa manane, na msaidizi aliyejifunza kutokana na maandishi ya kila namna hubahatisha: siku moja hubadilisha saa kumi na mbili asubuhi kuwa 06:00 kama inavyopasa, siku nyingine huacha namba kama ilivyo. Tangu hapo huandika saa kwa tarakimu za saa 24, na katika maagizo ya kudumu nimeweka kwamba akikuta saa ya Kiswahili aitaje kwa mifumo yote miwili kabla ya kuchagua.

Tarehe zina mtego wake. Sisi huandika 07/03 tukimaanisha tarehe 7 Machi, Mmarekani huisoma kuwa Julai 3, na sehemu ya tarehe ya kivinjari, ikijazwa na Playwright, haikubali chochote isipokuwa umbo la `2026-03-07`. Ukiona ujumbe kuhusu thamani yenye umbo baya, chanzo ni hicho. Taja mwezi kwa jina katika agizo lako na mashaka yataisha.

Kuna jambo linalofanana na mazingaombwe: msaidizi anayeendeshwa kwenye kontena anasema leo ni jana. Kontena nyingi hufuata saa ya UTC, ambayo iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 3, kwa hiyo kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku wa kwetu, huko bado ni siku iliyopita. Kazi unazozipanga zifanyike usiku ndizo zinazoumia. Weka `TZ=Africa/Dar_es_Salaam` au `Africa/Nairobi` kwenye mazingira ya kontena.

Namba za simu nazo: fomu ikiwa imeshaonyesha +255 au +254 pembeni ya kisanduku, msaidizi anayeandika 0712 na kuendelea huzalisha namba isiyokuwapo, na tovuti nyingine huipokea bila kuguna. Na kama tovuti ina lugha mbili, profaili mpya inaweza kuifungua kwa Kiingereza hata kama kwako hufunguka kwa Kiswahili, ndipo unapomwagiza abofye “Wasilisha” naye anakuta neno jingine. Mweleze kazi ya kitufe pamoja na jina lake.

Anakwama kwenye kuingia

Kama kila asubuhi anakuta ametolewa kwenye akaunti, angalia iwapo mpangilio una `--isolated`. Kigezo hicho kazi yake ndiyo kusahau. Ama ukiondoe, ama uhifadhi vidakuzi kwenye faili na kulipitisha kwa `--storage-state`. Faili hilo lilinde kama unavyolinda nenosiri, kwa kuwa mwenye nalo anaingia bila kuulizwa lolote.

Namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe mfupi usimpe msaidizi. Kivinjari kikiwa kinaonekana, mwambie asimame kwenye ukurasa huo, wewe uiandike mwenyewe kwenye dirisha, kisha umruhusu aendelee. Vivyo hivyo kwa majaribio ya kuthibitisha kwamba wewe ni binadamu. Kivinjari kinachoendeshwa na programu kwa kawaida hujitangaza kwa `navigator.webdriver`, kama kanuni za W3C, shirika la viwango vya wavuti, zinavyotaka, na tovuti ina haki ya kukikataa. Kama masharti yake yanakataza mashine, tafuta kama inatoa API, yaani njia rasmi ya programu kuwasiliana nayo, badala ya kutafuta namna ya kujificha.

Anaanza vizuri, kisha anasahau

Ukurasa mmoja wenye jedwali refu unaweza kuzalisha taarifa ya maelfu mengi ya tokeni, na baada ya kurasa kumi agizo lako la mwanzo limefunikwa. Gawa kazi, kila sehemu kwa mazungumzo mapya, na matokeo yaandikwe kwenye faili kila hatua badala ya kuachwa kwenye mazungumzo.

Anasema amemaliza, na hajamaliza

Msaidizi hutangaza ushindi pale zana inapomjibu kwamba kubofya kumefanikiwa. Lakini kubofya kumefanikiwa maana yake ni kwamba kitufe kimebofywa, hakuna zaidi. Kama fomu imerudi na mstari mwekundu chini ya kisanduku kimoja, zana haina habari nao. Kwa hiyo usiandike “tuma fomu”. Andika “tuma fomu, kisha uninakilie namba ya kumbukumbu iliyoonyeshwa kwenye ukurasa uliofuata, na kama hakuna namba useme hakuna”. Nusu ya pili ya sentensi ndiyo yenye kazi, kwa sababu usipompa ruhusa ya kusema hakuna, upo uwezekano wa kuletewa namba ambayo haikuonyeshwa popote. Dai pia picha ya skrini. `--output-dir` itakuwezesha kujua zinahifadhiwa wapi.

Anafanya ambalo hukumwagiza

Dalili hii ni nadra, lakini ikitokea acha kila kitu. Umemwagiza alinganishe bei za jokofu, naye ameanza kufungua barua pepe yako. Taarifa ya ukurasa na maagizo yako humfikia kwa njia moja, yote yakiwa maandishi, na mwenye nia mbaya anaweza kuficha kwenye ukurasa sentensi inayomwambia msaidizi aache aliyoagizwa na kufanya mengine. Sentensi hiyo huweza kuandikwa kwa rangi nyeupe juu ya nyeupe. Wewe huioni, yeye anaisoma vizuri kabisa.

Funga kivinjari kwanza, kisha pitia orodha ya zana alizoziita na anwani alizozitembelea, kuanzia mwisho kurudi nyuma, mpaka uufikie ukurasa wa mwisho kabla ya kugeuka. Toka kwenye akaunti zote zilizokuwa wazi katika profaili hiyo. Vigezo vya `--allowed-origins` na `--blocked-origins` hupunguza pa kwenda, ila watengenezaji wenyewe wanaonya kwamba visitegemewe kama ukuta wa usalama, na haviathiri uelekezaji kutoka anwani moja hadi nyingine. Kinachozuia hasara hasa ni profaili isiyokuwa na kitu cha kuibwa. Ya kwangu ya kutafutia bei haijawahi kuingia kwenye barua pepe wala benki, na ninapohitaji kulipa, nakinakili kiungo na kukifungua kwa mkono kwenye kivinjari changu cha kawaida.